Kutu ni Shahidi

"Kutu ni shahidi, usimsugue." Mmemsikia bibi yenu akiisema leo mkacheka, mkadhani ni mambo ya masufuria. Si ya masufuria hata kidogo. Methali hiyo ilizaliwa hivi, na waliokuwapo hawakucheka.

Katika mji wa Kivinjeni palikuwa na mjane, Bi Mwanashehe. Mwanawe wa pekee, Saada, alikufa kwa homa angali kigori, akazikwa nyuma ya nyumba, penye makaburi ya wazee wa mumewe. Kila Ijumaa mama alikwenda kufagia pale, akimsimulia mwanawe habari za mji: nani kaolewa, nani kaachwa.

Akatokea Bwana Salmini, mwingi wa mali, mchache wa haya. Akadai kiwanja kile ni chake na makaburi ni ya juzi tu. Yahamishwe, ajenge maghala. Kadhi akamtaka mjane athibitishe kwamba ni ya kale.

Uthibitisho alikuwa nao. Zamani, ukuta wa kaburi kongwe ulipobomoka, aliokota sarafu za shaba zilizojengewa ndani ya chokaa, zenye jina la mfalme ambaye hata mababu wa babu zetu hawakumwona. Alizifungia kashani, wala hakumwonyesha mtu. Alipozitaja mbele ya kadhi, Salmini akabeza: wafua shaba wa mji ule si ndio wanaowatengenezea wageni sarafu kama hizo? Kadhi akaamuru ziletwe kesho yake, azikague Mzee Shekue, aliyejua kutenga za kale na za bandia.

Sasa, sisi watu wa pwani mnatujua. Mgeni akija, sinia litasuguliwa hata ajione uso. Bi Mwanashehe alizitazama sarafu zake: nyeusi, na kutu ya kijani imeganda ndani ya maandishi. Akaona aibu. Ampelekee kadhi uchafu ule? Akaloweka ukwaju, akachota majivu, akasugua kwa kumbi la nazi. Alisugua kwa mapenzi, maskini, huku akimwomba Mungu amwache Saada alale.

Barazani, Mzee Shekue alizigeuza na kuzigeuza tena.

"Mwanangu, umezifanya nini hizi?"

"Nimezisafisha, baba. Kwa heshima ya baraza."

Mzee akafumba macho. "Fundi huiga maandishi, huiga hata jina la mfalme. Kutu iliyoingia ndani ya herufi hawezi kuiiga, ile ni kazi ya ardhi na miaka. Hiyo ndiyo ningeiapia."

"Ilikuwapo, baba! Wallahi, jana ilikuwapo!"

"Nakuamini. Lakini sikuitwa kuapa kwamba nakuamini. Nimeitwa kuapia ninachokiona, na ninachokiona ni shaba inayong'aa."

Kadhi akampa Salmini kiwanja.

Makaburi yakafukuliwa. Mifupa yote ikafukiwa katika shimo moja nje ya mji, bila alama, na mama asijue tena mwanawe yuko upande upi. Kwa hiyo kila Ijumaa alifagia pote juu ya shimo lile. Habari za mji hakusimulia tena, kwani hakujua ageukie wapi.

Wasichana waliopita njia ile na vyombo vyao vya kwenda kusugua mtoni walimwamkia, "Shikamoo, bibi." Hakuitikia marahaba. Alivitazama viganja vyake, akawaambia:

"Kutu ni shahidi, usimsugue."