Karanga Elfu Mbili Mia Tano na Ishirini

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama hamjala? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa naona mpo.

Hapo zamani za kale, wanyama wa bondeni walilima karanga pamoja. Siku ya kugawana, nyumba hazikualikwa. Aliyekuja alikuja, aliyeugua alibaki kwake. Mwaka huu zilifika nyumba tatu, mwaka ule saba, ila hazikuzidi kumi. Na kila mwaka waligombea masalio hadi kutoana ngeu.

Bibi Nyati, mkubwa wao, akachoka. "Panya Buku, mwanangu, mgawaji ni wewe. Mwaka huu wote wapate sawa, na isibaki hata moja. La sivyo utahama shimo lako, wewe na wanao."

Panya Buku akaingiwa na hofu, maana alizaliwa katika shimo lile. Akajifungia ndani, akahesabu, akafuta, akahesabu tena, hadi akapata hesabu ya ajabu: elfu mbili mia tano na ishirini. Igawe kwa mbili, sawa. Igawe kwa saba, sawa. Toka moja hadi kumi, haimkatai mtu! Akalundika karanga hizo, zilizozidi akaziweka mbegu.

Lakini Ngedere aliutaka ugawaji ule uwe kazi yake. Panya Buku alipogeuka, akachomoa karanga moja, akaibana shavuni. "Lundo lote hili, moja nani ataijua?"

Siku hiyo zikaja nyumba kumi. Panya Buku akagawa, akagawa, akagawa. Wa kumi akapungukiwa moja.

"Kumi ina mkosi," Ngedere akasema kwa upande wa mdomo.

"Basi mimi nakaa kando," akasema Kanga. "Jaribu tisa."

Akagawa. Wa tisa akapungukiwa moja.

"Nami nakaa kando," akasema Kuchakuro. "Jaribu nane."

Akagawa. Wa nane akapungukiwa moja.

Wanyama wakaguna. Bibi Nyati akainuka. "Panya Buku, kakusanye vyombo vyako."

Machozi yakamlenga. Kisha akawaza: hesabu mbovu ingepunguza huku karanga mbili, huku tano. Hii kila mara inapunguza moja. Ni moja ile ile!

"Bibi, niwie radhi. Hesabu haina kosa, imeibwa moja. Kabla sijahama, tuimbe wimbo wa kugawa."

Wimbo huo, kwa desturi yao, haukataliwi.

"Moja kwako!"

"Na moja kwangu!" wakaitika wote, vinywa wazi. Ngedere akafumba chake.

"Ngedere, huimbi?" akauliza Bibi Nyati.

"Naimba, Bi..." Karanga ikadondoka, ko!

Panya Buku akaiokota, akaifuta, akairudisha lundoni. Kanga na Kuchakuro wakaitwa. Akagawa kwa kumi. Kila nyumba ikapata mia mbili hamsini na mbili, na chini hapakubaki kitu.

Ngedere naye akapewa fungu lake, sawa na wengine.

"Zihesabu, ndugu yangu, tusikie," akasema Panya Buku.

Akazihesabu kwa sauti, moja moja, wote wamemkodolea macho, toka ya kwanza hadi ya mia mbili hamsini na mbili.

Basi wanangu, msidhani kitu kidogo kikiibwa hakiachi pengo. Kwa aliyehesabu kwa haki, pengo la moja linaonekana.

Hadithi yangu imekwisha. Ikiwa tamu, gawaneni sawa. Ikiwa chungu, masalio niachieni mimi.