Daftari la Nakijwa

Kabla ya mbiu, uliza zamu. Mmemsikia yule mama akimwambia hivyo katibu wenu, mkacheka, kisha mkataka kujua kauli hiyo ilizaliwa wapi. Haya, sogeeni. Ilizaliwa milimani, Upare, na mambo yalikuwa hivi.

Watu wa huko humwagilia mashamba kwa ndiva. Ndiva ni bwawa lililochimbwa kwa mikono ya mababu. Maji ya kijito huingia humo usiku kucha. Asubuhi lango hufunguliwa, yakashuka kwa mifereji hadi mashambani. Kila nyumba ina siku yake. Zamu yako ikifika nawe hupo na jembe lako, maji hupita kwenda kwa jirani, na wewe unangoja siku saba.

Mwaka huo ukuta wa ndiva ya kijiji kimoja ulipasuka. Wilaya ikaahidi saruji kwa sharti moja: halmashauri ya kijiji ikae kikao, akidi itimie, muhtasari ufike kabla mwezi haujaisha. La sivyo, saruji ingekwenda kijiji kingine. Wajumbe walikuwa ishirini na watano. Akidi, kumi na watatu.

Mtendaji wa kijiji alikuwa Bwana Luhende, kijana mnyoofu kutoka Usukumani, asiyezijua zamu za mfereji. Aliita kikao Jumanne saa tatu asubuhi, wakaja saba. Akaita tena Jumanne iliyofuata, wakaja tisa. Hapo akakasirika, akabandika karatasi mlangoni mwa ofisi: WAJUMBE WATORO, na chini yake majina kumi na sita.

Jina la nne lilikuwa Nakijwa.

Nakijwa alikuwa mjane aliyechaguliwa kwa kura nyingi kuliko mwanamume yeyote wa kitongoji chake, na heshima hiyo aliivaa kama kanga ya sikukuu. Lakini Jumanne ndiyo iliyokuwa zamu yake ya maji, na maharage yake yalikuwa yanatoa maua. Tena nyumbani alikuwa na mama mkwe aliyelala kitandani mwaka wa pili, asiyeweza kugeuka bila kugeuzwa. Mara zote mbili alituma salamu kwamba ana udhuru. Udhuru wenyewe hakuutaja, maana alidhani ni yeye peke yake anayeshindwa. Siku ile binti yake aliisoma karatasi akitoka shule, akarudi nyumbani hataki kula.

Nakijwa akaamua kurudisha kiti chake cha ujumbe. Kesho yake mchana alikwenda ofisini kusema hivyo, lakini mlangoni akasimama, akayasoma majina yote polepole, kidole kikitembea juu ya karatasi. Naetwe ni mtoro? Naetwe anayekamua ng'ombe wanne kabla jogoo hajawika? Mzee Kiondo ni mtoro, yule aliyezibua mfereji mzima baada ya masika? Na saba katika majina yale walikuwa watu wa Jumanne, kama yeye.

Hakuingia ofisini. Alikwenda dukani akachukua daftari, akapita nyumba kwa nyumba siku mbili, akiuliza swali moja: mikono yako huwa mitupu lini?

Mwanzoni walijibu kwa aibu, kila mtu akidhani mzigo wake ni wa kwake tu. Huyu anauguza, yule ana mapacha wachanga. Asubuhi zote ni za maji. Jumatatu alasiri kliniki. Jumanne alasiri kwaya, nayo hakuna aliyethubutu kuigusa. Alhamisi gulio. Ijumaa Waislamu wako msikitini, Jumamosi Wasabato wamepumzika, Jumapili Walutheri wako kanisani, na huko hao wote unaweza kuwakuta katika ukoo mmoja. Alipomaliza kufuta saa hizo zote, ikabaki Jumatano saa tisa alasiri. Saa hiyo ndiva imekwisha maji, lango limefungwa ijae upya, na ng'ombe bado hawajadai majani ya jioni.

Akampelekea Luhende daftari.

"Mama, serikali ina saa zake za kazi," Luhende akasema.

"Saa ni za serikali, bwana mtendaji. Maji ni ya Jumanne."

"Nikikubali hili, kesho mtaniambia kikao kingoje mbuzi azae."

"Mbuzi wetu huzaa usiku. Hawatakusumbua." Kisha akamtazama. "Na wewe je? Kwa nini umeing'ang'ania Jumanne?"

Luhende aliweka kalamu mezani. Halafu akasema kwamba gari la kushuka mjini huondoka Jumatano na Jumamosi tu. Alitaka muhtasari ushuke Jumatano, naye apate saa moja ya kumwona mkewe aliyejifungua huko wiki tatu zilizopita.

"Shuka nao Jumamosi," Nakijwa akasema. "Jumapili nzima utashinda na mwanao."

"Hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Hata sisi hukutuuliza, baba."

Nakijwa akachukua kalamu, akaandika jina la Luhende chini ya yale ishirini na matano. Luhende akatoka, akaibandua karatasi ya mlangoni kabla watoto hawajatoka shule.

Mwezi ulikuwa umebakiwa na Jumatano moja. Jioni ya kuamkia siku hiyo Mzee Mcharo, mpiga mbiu, alipuliza pembe yake. Kesho yake Nakijwa alikaa benchi la mbele, akihesabu. Walikuja na tope magotini, walikuja na watoto mgongoni. Kabla ya saa tisa wakatimia kumi na watatu. Kikao kilipoanza walikuwa ishirini na watatu, na wawili waliokosa walituma habari kamili, mmoja amefiwa, mmoja amejifungua.

Saruji ilifika. Gari halikuweza kupanda mlima, kwa hiyo watu wakaibeba kichwani. Nakijwa alibeba zamu yake huku binti yake akitangulia mbele, akiwaambia watu wapishe, mjumbe anapita.

Luhende alipohamishwa, akaja mtendaji mwingine. Siku ya kwanza tu akamwagiza Mzee Mcharo atangaze kikao, Jumanne saa tatu asubuhi. Mzee akailaza pembe mapajani, akamwelekeza kwa Nakijwa, kwenye daftari.

"Kabla ya mbiu, mwanangu," akamwambia, "uliza zamu."