Twiga Aliyekataa Kuinama

Paukwa!

Pakawa!

Wali mmekula mkajaza matumbo, sauti ndiyo hii? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo kale, wanyama walilima mpunga bondeni. Magugu yakiota, walipalilia kwa ujima: leo wote shambani kwa Kanga, kesho wote kwa Nyati. Inama, ng'oa. Inama, ng'oa.

Ila Twiga. Yeye kuinama ni mpaka atanue miguu, makalio juu. Aibu! "Mtu mwenye shingo kama hii apalilie?" Na binti yake kaposwa. Twiga kaahidi wakwe pilau ya mpunga wake mwenyewe.

Akaenda dukani kwa Ngedere, muuza dawa ya magugu. Akapuliza. Fyuuu! Fyuuu! Magugu yakalala chali. Likabaki moja tu.

"Mzee Twiga," Kanga akasema, "ling'oe hilo kabla halijazaa."

"Niiname kwa ajili ya moja? Vipi wewe!"

Moja likazaa. Mbegu zikamwagika, pwaa!

Msimu wa pili, dawa ileile. Fyuuu! Kikabaki kiraka kizima, magugu yamesimama wima, yanacheka.

"Njoo kwenye ujima, tukusaidie," Kanga akasema.

"Niiname kwa ajili ya kiraka? Vipi wewe!"

Ngedere akamwambia, "Zidisha dozi, mzee." Ngedere huyo, hata jembe hajawahi kulishika!

Msimu wa tatu, msimu wa harusi. Twiga akazidisha dozi. Fyuuu! Fyuuu! Fyuuu! Akakohoa yeye. Magugu yakajipangusa. Shamba zima magugu! Yakasema kwa pamoja:

"Shikamoo, baba!"

"Baba yenu nani?"

"Si wewe! Ndugu zetu dhaifu uliwaua, sisi wenye nguvu ukatuacha tuzae. Dawa yako siku hizi tunaoga."

Mara vigelegele njiani. Wakwe hao! Sufuria liko jikoni, maji yanachemka, mchele hamna. Binti analia. Twiga mbio shambani, akatanua miguu, makalio juu, mbele ya wakwe wote, anatafuta suke moja moja la mpunga ndani ya magugu.

Wakwe wakatazama. Wakageuza, wakaondoka na bwana harusi wao.

Basi sikieni, wakubwa kwa wadogo: dawa ileile kila msimu hukubakishia magugu sugu, na usipoyang'oa yaliyobaki, umeyapanda mwenyewe. Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyecheka, kesho nimkute shambani kwangu, ameinama.