Tarumbeta Iliyoliwa kwa Karata

Bwana Shekue, mwenye minazi, hakuwa mtu wa kushindwa karata. Alitia alama za kucha kwenye migongo ya karata zake, na kwa alama hizo alikuwa amekula jogoo wa jirani, baiskeli, na juzi tarumbeta ya Mshamu, mpigaji wa ngoma ya beni.

Alasiri moja akaja Tunu, dada yake Mshamu, mkono wa kushoto umefungwa bendeji na kuning'inizwa shingoni.

"Shikamoo, Bwana. Nimeifuata tarumbeta ya kaka. Nikishindwa, chukua mbuzi wangu."

"Marahaba. Tunavuta karata moja moja, mwenye kubwa ndiye mshindi."

"Basi naomba nizichange mimi."

Shekue alicheka moyoni. Azichange apendavyo, alama zitabaki palepale. Tunu alizibana kifuani kwa mkono mbovu, akazichanga kwa taabu, kisha akazitandaza mkekani mbele ya majirani waliokuja kutazama.

Shekue aliinama kuchagua, asione alama hata moja. Alivuta kwa kubahatisha, akapata mbili ya pau. Tunu akavuta iliyokuwa karibu na goti lake: ree, karata kubwa kuliko zote.

"Hizi si karata zangu," Shekue alisema.

"Migongo si ni ileile, Bwana? Zako unazitambuaje? Hebu waeleze majirani."

Majirani walimgeukia. Shekue akaenda kuileta tarumbeta.

Tunu aliaga kwa adabu. Alipofika barabarani, Shekue alimwona ameishika tarumbeta kwa mikono miwili akiipuliza, na kutoka kwenye bendeji iliyolegea kifuani zikidondoka karata zake Shekue, moja baada ya nyingine.