Sahihi ya Ukuta wa Bi Msimu

Haya, sogeeni, na wewe uliyeinamia simu, itie mfukoni. Mwisho wa hadithi hii sinao. Nitawapeleka mpaka pale ninapopajua, kisha mtaniambia nyinyi, na mkigombana mgombane kwa adabu.

Keko, kwenye mtaa wa mafundi wa vitanda na makochi, walikuwepo wachoraji watatu wa ukutani. Chande alikuwa na mkono. Akishika kipande cha mkaa anavuta mistari miwili mitatu, na wewe uliye mbali unasema, mbona huyu ni fulani!

Wa pili, binti aitwaye Sikudhani, alikuwa na jicho la rangi. Alikuwa akikusanya masalia ya mafundi, rangi ya mlango huku, vanishi ya kabati kule, anachanganya, na ngozi ya mtu inatoka ukutani kama ametoka kuoga sasa hivi.

Naufal alikuwa na makopo. Rangi za kupuliza, begi zima, na uchoyo hakuwa nao hata chembe. Kuchora alichora wastani, tuseme ukweli. Aliwaambia wenzake anakaa chumba cha kupanga ng'ambo ya reli na kwamba makopo anapewa na mjomba muuza duka. Alivaa kandambili zilizolika kisigino, na "oya" aliitamka kuliko waliozaliwa nayo.

Sikudhani peke yake alijua kuwa yote yale ni kamba. Siku moja alimsindikiza shangazi yake kupeleka mito ya makochi Masaki, kwenye nyumba yenye geti refu, na aliyetoka kuipokea alikuwa Naufal. Uani limeegeshwa gari, na ubavuni mwake jina lilelile lililoandikwa kwenye ghala kubwa la Keko, lenye ukuta mweupe ambao kila mchoraji aliutolea udenda. Naufal akamvuta pembeni.

"Siku, dada yangu, nakuomba. Wakijua mimi mtoto wa kishua hawatanihesabu mwenzao tena. Nitakuwa mtalii tu."

"Na rangi?"

"Rangi zitakuja kama kawaida."

Sikudhani akanyamaza. Msimrukie bado. Alikuwa hajawahi kufungua kopo jipya maishani mwake, kila alichopaka kilikuwa makombo ya mtu mwingine. Lakini mpaka leo akiikumbuka siku ile anajichukia.

Basi akafariki Bi Msimu, muuza vitumbua. Hakuna saidia fundi aliyeshinda na njaa Keko Bi Msimu akiwa hai. Wale watatu wakakubaliana kumchora kwenye ukuta mweupe wa ghala. Ruhusa hawakuomba. Kwao kuomba ruhusa ni aibu, ukuta wa kuombwa hauna tofauti na tangazo la soda.

Na wachoraji wa Keko wana miiko miwili. Wa kwanza, ukianza macho ya marehemu hushuki mpaka uyamalize, kwa sababu kumwacha marehemu na jicho moja ni kuwatukana waliomzika. Wa pili, ukuta mmoja sahihi moja. Hawataki majina yarundikwe kama kwenye bango la taarabu.

Wakachagua Ijumaa adhuhuri, nyundo zimenyamaza na walinzi wa ghala wamekwenda kuswali. Chande akauchora uso kwa mkaa, kidevu, mtandio, mpaka lile tabasamu la upande mmoja. Naufal akapuliza rangi ya nyuma na kuwapokeza wenzake makopo. Sikudhani akapanda ngazi kupaka. Alikuwa kwenye jicho la kwanza walinzi waliporudi.

"Shuka wewe!"

"Siku, usishuke, maliza," alisema Chande. Akaikumbatia ngazi kwa mikono miwili. "Kaka zangu, tuvumilieni kidogo tu. Si Bi Msimu huyu? Vitumbua vyake mmekula nyinyi wenyewe."

Mlinzi mmoja akainamisha kichwa, maana kweli alivila. Mwenzake alikuwa mgeni, hakumjua Bi Msimu. Akaanza kuigonga ngazi kwa rungu. "Toa mikono!" Chande hakutoa.

Sasa hapo, jamani, Naufal alikuwa amesimama palepale, kopo mkononi. Angesema tu, "Huu ni ukuta wa baba yangu," na lile rungu lingeshuka. Sikudhani alimtazama kutoka juu, naye akamtazama. Mdomo ukafunguka, ukajifunga. Na Sikudhani naye alikuwa na mdomo! Akawaza, nikisema, makopo ndiyo basi tena, na jicho la pili bado. Akageukia ukuta.

Alisikia mti ukigongwa, kisha akasikia kishindo cha namna nyingine, na alijua si mti. Chande hakulia. Macho ya Bi Msimu yalipokamilika Sikudhani akashuka, akavikuta vidole vya rafiki yake vimeshavimba, na damu imechuruzika mpaka kwenye kiwiko. Naufal alikuwa anatapika kando ya mtaro.

Bandeji ya Chande ilipofunguliwa vidole vilikuwa vimepinda na kukakamaa. Mkaa unamponyoka. Chai anakunywa kwa mkono wa kushoto.

Ghala nalo likatoa amri ukuta upakwe chokaa. Vijana wa chokaa walikwisha kuweka ndoo chini siku Naufal alipofika na gari la baba yake, baba mwenyewe kakaa kiti cha nyuma. Alishuka mbele ya mtaa mzima, akasema yeye ni mtoto wa nani, na kwamba aliwadanganya. Alimbembeleza baba yake mpaka akapiga magoti kwenye vumbi la mbao. Yule mzee akautazama ukuta, akamtazama mwanawe, akasema, "Basi uacheni." Chokaa ikarudi ilikotoka.

Mtaa haukushangilia. Mama yake Chande alimsogelea Naufal taratibu, akamuuliza, "Kumbe ulikuwa na mdomo?" Hakusema zaidi. Tangu siku hiyo Naufal akipita Keko hakuna anayemwita tena oya. Wanamwita bosi, na kigoda wanampangusia kwanza.

Sikudhani hakuulizwa na mtu, kwa sababu hakuna aliyejua kuwa alijua. Alikwenda mwenyewe kwa Chande akamwambia yote. Chande akasema, "Ungeniambia mapema ningekusamehe upesi."

Muda ukapita. Akaja mwalimu wa chuo cha sanaa, akasimama mbele ya macho ya Bi Msimu, akasema chuo kina nafasi moja, ya kusoma bure mpaka mwisho, na ataipata mwenye ukuta huu. Akatafuta sahihi, hakuiona. Baada ya yale yaliyotokea hakuna aliyethubutu kuiweka. "Ijumaa nikirudi niikute," akasema.

Watatu wakakutana chini ya uso ule.

"Bila mimi hapa pangekuwa chokaa tupu," alisema Naufal. "Cha kupoteza nilikuwa nacho kimoja, nyinyi, na nimekipoteza. Na baba kasema wazi, nikishika uchoraji nisihesabu chochote chake. Chuoni ningeingia kwa kazi yangu, kwa mara ya kwanza."

"Mimi nitajifunza kushoto," alisema Chande. "Ila msiniandike kwa huruma, nitaifuta hiyo sahihi kwa mate yangu. Mkiniandika, iwe kwa sababu uso huu niliuchora mimi."

Sikudhani aliitaka ile nafasi. Mwalimu alisimama kwa ajili ya macho, na macho ni yake. Lakini kila akiyatazama anakisikia kile kishindo. Akiandika Chande, je, anamtendea haki au anajitafutia usingizi? Akiandika Naufal, mtaa utasema matajiri wa ushuani wamebeba mpaka uso wa muuza vitumbua wetu. Na akijiandika mwenyewe, atamwangalia vipi mama yake Chande?

"Niliyatamani makopo," alisema mwishowe, machozi yakimtoka. "Nilijua, na nilinyamaza."

"Tunajua," alisema Chande. Akamtilia brashi mkononi kwa ule mkono wa kushoto. "Sote tumesema yetu. Andika wewe. Utakaloandika hatutalipinga."

Naufal akaitikia kwa kichwa.

Basi Sikudhani ameugeukia ukuta, wenzake wako nyuma yake, na mimi ndipo ninapoishia. Msinitazame mimi! Je, brashi ile ungeishika wewe, ungeandika jina la nani? Na ukimaliza, ukageuka, wale wawili ungewaambia nini?