Kiboko, Kindi na Herufi Zilizohama

Haya, masikio!

— Tumekuja nayo!

Na midomo?

— Tumeifunga!

Waongo. Wewe wa nyuma unatafuna karanga, nakuona. Mimi na shule tuliachana mapema, lakini kwa kompyuta hapa hakuna wa kunigusa. Kwa hiyo nyamazeni mjifunze.

Palikuwa na Kiboko. Ana tumbo, ana kiti, ana kompyuta. Akautaka na mkuyu. Kwenye mkuyu walikaa Kindi na ndege na watoto wao, lakini Kiboko alitaka kivuli chote kiwe chake. Na Tembo, mwenyekiti wa baraza, alishatangaza: anayedai mti atume madai yake kwa kompyuta kabla jua halijafika utosini. Likifika, basi.

Kiboko akakaa chini ya mkuyu, akaanza kuandika, ta, ta, ta.

Kuyu likadondoka, pwa! Kiboko akadhani mwizi. Akaishika kompyuta yake kwenye kona ya chini kushoto, kap! Akaendelea, ta, ta, ta. Kutazama kioo: ",kuyu ni zqngu."

"Nani kahamisha herufi zangu? We Kindi! Si unajifanya fundi? Shuka!"

Kindi akashuka, akatupa jicho moja tu. Pembeni mwa kioo palionyesha kibodi ya Kifaransa. Kumbe mashine ilikuwa na mipangilio miwili ya herufi, na vitufe viwili vya kona ile, Alt na Shift, ukivibana pamoja inaruka kutoka huu kwenda ule. Na kiganja cha Kiboko, jamani, kile ni sufuria! Dawa yake ni kuufuta mpangilio wa pili. Hata huyu mla karanga angeweza.

Lakini Kindi alishaelewa madai yale. Ni yeye anayefukuzwa kwake.

"Mzee," akasema kwa sauti ya msibani, "mashine haina ugonjwa. Ni wezi, wanainyemelea. Ukisikia pwa, mwizi huyo. Kamata!"

"Nikamate wapi?"

"Hapo hapo unapokamataga. Una mikono mizuri sana, mzee."

Kindi akabana vitufe, herufi zikarudi sawa. Kisha akamkonyeza Chiriku, jirani yake wa tawi la juu, amdondoshee makuyu.

Kiboko akaandika, ta, ta, ta. Chiriku akadondosha, pwa! Kiboko, kap! Herufi zikahama. Akafuta. Pwa! Kap! Zikarudi. Akaandika. Pwa! Kap! Zikahama.

"We Kindi! Jua linafika!"

"Wezi wamezidi leo, mzee! Kamata!"

Jua likafika utosini. Kiboko akatuma hivyo hivyo.

Tembo akasoma mbele ya baraza. "Zqngu? Zqngu ndiyo nini? Ananitukana kwa lugha gani huyu?" Akaamuru Kiboko anyang'anywe kompyuta, apewe Kindi fundi, na mkuyu ubaki kwa wanaokaa humo. Chiriku akaimba mpaka sauti ikamkauka.

Kindi akafungua mashine, akaufuta mpangilio wa Kifaransa, papo hapo. Halafu akanyoosha vidole vyake vyembamba, akamwandikia Tembo, ta, ta, ta: "Chiriku na ndege wenzake wana kelele. Mkuyu apewe Kindi peke yake." Hakuna herufi iliyohama.

Tembo akasoma, akafurahi. "Huyu anaandika safi. Muda umepita, lakini huyu ndiye msomi. Apewe!"

Mvua ilikuwa inanyesha siku Chiriku alipohamisha makinda yake, mmoja mmoja, mdomoni.

"Kindi, ndugu yangu, si tulikuwa wote?"

"Tulikuwa," Kindi akasema bila kuinua macho. Ta, ta, ta.

Ngano nimeiweka chini, anayeitaka aiokote. Na funzo lake, watoto wazuri, ni hili: msaidieni mdogo apate, hatawasahau kamwe. Anayebisha akamuulize Chiriku, kama anajua alikohamia.