Chale za Kiwavi

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa nini?
Kabichi.
Kabichi ya nani?
Mwenye tumbo kaitwaa.

Hapo kale, bondeni Mlalo, Kiwavi alikaa juu ya kabichi kubwa, mnene kama kidole gumba. Akala, kwapu, kwapu. Akalala. Akaamka, akala, kwapu, kwapu.

Akaja Nyigu, mdogo kama punje ya mtama. Mumewe alikuwa amekufa, Mungu amrehemu, na mayai yamemjaa. Akaomba kona ya jani moja tu, azalie penye chakula, wanawe wasife njaa.

"Mjane," akasema Kiwavi, "hapa halelewi mtoto wa mtu. Kazalie kwenye jiwe."

Nyigu hakubishana. Akazunguka kabichi, vuu, vuu, akimsikiliza Kiwavi akilalamika kwamba majani bado ni mengi na tumbo limekwisha kuchoka. Akarudi, akamwambia kwamba marehemu mumewe alimwachia dawa ya tumbo lisilochoka. Ni ya kuchanja chale mgongoni. Malipo hakuna, ila mwiko mmoja: asijikune.

Kiwavi akageuza mgongo upesi. Na mikono ya kujikunia mgongoni atoe wapi?

Chwi, akachanjwa. Chwi, chwi. Kila chale, yai moja. Zikafika arobaini.

Kesho yake akala, kwapu, kwapu, tumbo halikuchoka. Siku ya tano likaanza kucheza.

"Mganga, kuna kitu kinatembea humu."

"Ni dawa, mzee. Inatafuta njaa ilikojificha. Wewe kula."

Akala. Kinywa kimoja, matumbo arobaini.

Siku ya kumi na mbili watoto wakatoboa wakatoka, pu, pu, pu, wakajisokotea vitanda vya hariri ubavuni mwake. Kiwavi alikuwa amenyauka, hata jani halitamani. Akaja Sisimizi kuwanyakua. Kiwavi akarusha kichwa, pa, akamwangusha chini.

Sisimizi akauliza kutoka chini, "Kwani hawa ni wako?"

"Sijui," akasema Kiwavi. "Ila wametoka kwangu. Ondoka polepole, wamelala."

Juu yao Nyigu akapita, vuu, akimshukuru Mungu mgawa riziki, anayegawa hata yaya.

Funzo, wanangu: mama alee watoto wake mwenyewe, asimsumbue jirani. Na mkimwona mchoyo, msimseme. Huenda ana arobaini wanaomtegemea.

Kabichi imekwisha, na maneno yamekwisha. Aliyeshiba asijikune.